Gauni la Mke wa Fundi

Ukitaka kumjua fundi cherehani mwongo, achana na mdomo wake, tazama mguu. Mteja akitokeza kwenye kona ya mtaa, bado yuko mbali kabisa, hajafika hata kwenye duka la mbao, fundi wetu alikuwa ameshamwona. Mkono ulishuka chini ya meza, ukavuta kitambaa cha huyo huyo mteja, ukakibana chini ya sindano, na mguu ukaanza kukanyaga. Mteja anaingia, anakuta cherehani inalia, fundi kainama, jasho linamtiririka. "Ala, mama! Ndiyo kwanza nilikuwa naunga mikono. Njoo keshokutwa." Mama wa watu anaondoka ameridhika. Akishapinda kona, ile mishono miwili inafumuliwa, kitambaa kinarudi chini ya meza kulala.

Hapo ndipo lilipotoka jina. Mtaa mzima ulimwita Fundi Keshokutwa, mpaka watoto wa chekechea, naye aliitika. Tena aliitika huku anatabasamu, na mtu akishafika mahali pa kuitika jina kama hilo kwa tabasamu, jueni mambo yake yamekwisha haribika siku nyingi.

Walisema ni mvivu. Jamani, uvivu ungekuwa afadhali, mvivu anapumzika. Huyu alifungua duka saa moja asubuhi kila siku ya Mungu. Alifuta mashine, akatia mafuta, akanoa mkasi. Alitandika kitambaa mezani, akachora kwa chaki mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote mjini, kisha akashika mkasi. Hapo ndipo alipokwama. Zamani, alipokuwa bado ameajiriwa kwa fundi mwingine, alikata vibaya hariri ya mama mmoja aliyekuwa anamwoza mwanawe, kitambaa kisichokuwa na hata kipande cha ziada. Yule mama hakupiga kelele wala hakutukana. Alikaa sakafuni, akaviokota vile vipande kimoja kimoja na kuvikunja. Fundi hakulisahau jambo hilo. Tangu siku hiyo kila alipofungua mkasi juu ya kitambaa cha mtu, mkono uliingia baridi, akajiambia ngoja kidogo, akili itulie, nitakata kesho. Miaka ikapita hivyo, na rundo chini ya meza likawa linafika magotini.

Mkewe aliyajua yote haya. Alikuwa mfuaji wa mashuka kwenye zahanati, mwanamke wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa akiwatuliza wateja waliokuja nyumbani wamepandisha mori. Miaka ishirini na sita aliwakalisha watu sebuleni, akawapa maji ya kunywa, akawaambia mume wangu anaumwa kidogo, mvumilieni. Hakuwahi kumsema mbele ya mtu.

Basi binti yao wa pekee akachumbiwa. Miezi sita kabla ya harusi mama alinunua kitambaa cha zambarau chenye maua madogo meupe pembeni, akakileta nyumbani kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka mapajani mwa mumewe.

"Hiki ni changu," akamwambia. "Siku ya mtoto wetu nataka niingie ukumbini nimeshonewa na mume wangu."

"Utaingia watu washike mdomo," fundi akasema, na alimaanisha.

Kikaenda dukani, kikaingia kwenye rundo. Kila alipouliza alijibiwa kama wengine: keshokutwa. Alipouliza kwa mara ya tano fundi alikasirika kidogo. "Mke wangu, na wewe? Wageni wananisumbua, na wewe wa nyumbani unanisumbua? Wewe si utanielewa?" Akamwelewa. Asubuhi ya harusi kitambaa kilikuwa bado kwenye nailoni, na mama akapiga pasi gauni lake la kijani lililopauka kwapani. Ukumbini shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye mdomo usio na breki, aliuliza kwa sauti, "Kumbe huyu ndiye mke wa fundi?" Meza nzima ikacheka. Mama naye akacheka. Fundi alikuwa amesimama karibu, akamsikia anavyocheka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Akajiambia gauni atalishona wiki ile ile.

Hakulishona. Siku ya saba mama alifunga nguo zake.

"Miaka ishirini na sita umeniambia keshokutwa kama mteja," akasema, bila kupandisha sauti. "Basi acha nikae kama mteja. Niko kwa mtoto. Ukiwa tayari utaniita."

Binti alikuwa amepanga mitaa minne tu kutoka hapo. Ungedhani mwanamume mzima angekwenda kesho yake kupiga magoti. Hakwenda. Miezi minane ilipita, fundi akazama kabisa. Kitanda hakikutandikwa. Sufuria zilipangana kwenye ndoo, akala mkate mkavu amesimama mlangoni kwa sababu meza ya watu wawili ilimtia uchungu. Dukani hata ile hila ya kukanyaga mashine mteja akija aliiacha. Alikaa ameshika tama, mteja akiuliza anasema "bado," basi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na alishaamini kwamba hivyo ndivyo alivyo na ndivyo atakavyozikwa.

Aliyemshtua ni kinyozi, jirani yake, waliyetenganishwa naye na ukuta wa mbao tu. Kinyozi alikuwa mtu wa domo refu na roho nyeupe. Aliingia siku moja asubuhi, hata salamu hakutoa.

"Mkweo kahamishwa kikazi," akasema. "Mji wa mbali, safari ya siku mbili. Lori la mizigo linakuja baada ya wiki nne, Jumatatu. Na mkeo anaondoka nao. Ukikaa hapo ukashika tama, shika vizuri, maana utaishika mpaka ufe."

Fundi alitoka bila kufunga duka. Alimkuta mkewe kibarazani kwa binti, anachambua mchele. Alisimama mbele yake, maneno yote aliyoyapanga njiani yakamruka.

"Usiende," ndilo alilolipata.

Mama aliendelea kuchambua. "Nibaki nifanye nini?"

"Nitabadilika."

"Umeniambia hivyo mara ngapi?"

"Nyingi," fundi akakubali, na machozi yakamlenga. "Najua ni nyingi."

Yule mama aliweka ungo chini. Alimpenda, msidhani hakumpenda. "Sikiliza," akasema. "Sina haraka ya kwenda kulea wajukuu ambao hata hawajazaliwa. Zimebaki wiki nne. Nikiona kwa macho yangu umebadilika, lori litaondoka bila mimi, na nyumbani nitarudi kwa miguu yangu. Nisipoona, usinifuate kituoni kunililia."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, na fundi alilielewa vizuri. Alirudi dukani, akavuta rundo lote katikati ya sakafu, akahesabu vifurushi arobaini na vitatu. Akala kiapo mbele ya kinyozi kwamba wiki nne zikiisha hapatakuwa na kiporo hata kimoja chini ya meza ile. Akachukua kitambaa cha kwanza, suti ya mwalimu mkuu mstaafu, akachora, akashika mkasi. Mkono ukaingia baridi. Mpaka saa sita mchana alikuwa hajakata hata inchi moja, na kinyozi alipochungulia alimkuta analia kama mtoto.

"Mimi siwezi," fundi akasema. "Nimeharibika. Nenda kamwambie aondoke tu."

Kinyozi akavuta kigoda. "Unajua kwa nini mimi namaliza kazi? Si kwa sababu ni hodari kuliko wewe. Nikishampitishia mtu mashine mara moja siwezi kumwambia njoo keshokutwa, atatoka na nusu kichwa, mtaa mzima watanicheka. Shida yako vichwa vyako viko chini ya meza, havitembei."

"Ukianza hutetemeki?"

"Mtu mgeni natetemeka, tena sana. Ndiyo maana naanzia kisogoni. Kisogo chake hakioni. Nikikosea kidogo natengeneza, mbele nikifika mkono umeshazoea."

Fundi alikaa na neno hilo. Kisha akauacha mgongo wa koti, akatafuta kipande cha bitana, akakata mfuko wa ndani wa suruali. Nani anaangalia mfuko wa ndani? Mkono ulitetemeka, lakini ulikata. Akakata wa pili. Akakata mkanda wa kiuno, ambao utafunikwa na shati, kisha paja, kisha kola. Jua linazama suti nzima ilikuwa mezani vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kimekwenda sawasawa. Alivipanga akavitazama, akapiga kofi moja la furaha ambalo kinyozi alilisikia ng'ambo ya ukuta.

Kuanzia hapo ikawa kanyaga twende. Kila nguo aliianza kwa mifuko na bitana, mambo yasiyoonekana, na mkono ukishapata moto hauulizi. Alitandika kitanda asubuhi, akaosha sufuria, akanyoa ndevu. Wapita njia walisimama kusikiliza cherehani inayolia wala hakuna mteja anayekuja. Jumamosi ya pili alikuwa na nguo ishirini na mbili zimening'inia zimepigwa pasi, akatuma salamu wenye nazo waje wote kwa pamoja. Alitaka wajae. Alitaka habari zifike mitaa minne kabla ya jioni.

Walijaa. Loo, siku ile! Mama wa mapacha alikunjua sare mbili za darasa la kwanza, akaziinua juu watu wazione. Mapacha wake walikuwa darasa la nne. Dada mmoja alijaribu blauzi, ikafika kifuani ikagoma. Muuza mkaa aliingiza mguu kwenye suruali na mguu ukabaki humo humo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi alisimama katikati yao na daftari lake la vipimo mkononi, na hapo ndipo alipoangalia tarehe. Miaka mitatu. Minne. Ya muuza mkaa, sita. Siku zote alijisifu kwamba yeye hupima mtu mara moja tu, akishaandika ameandika, hana haja ya kumsumbua tena. Sasa alikuwa ameshona nguo za watu ambao hawapo.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyenyamazisha kicheko. Aliugua sana mwaka uliopita, akapungua nusu. Alivaa koti, likamkaa kama limeazimwa kwa ndugu yake mkubwa. Alijitazama kwenye kioo, akavuta mikono iliyomfunika vidole.

"Fundi, umenishonea mimi wa zamani," akasema kwa upole. "Nilitaka niivae siku ya kustaafu. Huu ni mwaka wa nne. Haidhuru, nitaiweka. Kuna siku itanifaa, na siku hiyo hakuna atakayeangalia mikono."

Kesho yake, Jumapili, fundi hakufungua. Alilala amejifunika gubigubi mchana kutwa, na lilimjia wazo kwamba juhudi zote hizi ni danganya toto, kwamba amechelewa kwa kila mtu na hata aking'ang'ana namna gani nguo zake zitakuwa za jana. Ninyi mngemlaumu? Mimi sikumlaumu. Lakini Jumatatu aliamka akafungua duka. Alichukua futi, akaenda nyumba kwa nyumba, akapima upya kila mtu, akaomba radhi kila mlango, akarudi kufumua. Kufumua kunachosha kuliko kushona, muulizeni fundi yeyote. Kwa mapacha alinunua kitambaa kipya kwa gharama yake. Suti ya mwalimu aliibomoa yote akaiunda upya. Nami nasema, kama kuna siku mtu yule alibadilika, ni Jumatatu ile, maana safari hii hakuna aliyempigia makofi.

Lile la zambarau? Lilikuwepo. Kila alipovuta kifurushi kutoka kwenye rundo alilisukuma nyuma kwa uangalifu, asilichafue. Kinyozi alimuuliza wiki ya tatu.

"Na la mama?"

"La mwisho," fundi akasema, macho yanang'aa. "Nataka nimalize za watu wote, kichwa kitulie, nibaki na lake peke yake. Litashinda yote haya."

"Mmh," kinyozi akaguna. "Mimi ningeanza nalo."

"Wewe ni kinyozi. Kwetu sisi mafundi, watu wa nyumbani hawatangulii. Wageni ndio wanaokimbia, mtu wa nyumbani yupo."

Jumamosi ya mwisho jioni alikabidhi nguo ya arobaini na mbili. Alifagia chini ya meza, akashangaa kuona kumbe sakafu ile ilikuwa nyekundu. Jumapili asubuhi alinawa mikono, akatandika kitambaa cha mkewe, akachukua chaki, akafungua daftari. Akatafuta ukurasa wake. Akarudi nyuma. Akaanza tena ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Wateja mia tatu na kitu walikuwa humo, kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Mkewe hakuwemo. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumpima, kwa sababu alijiambia huyu namjua kwa macho. Alijaribu kukisia, akafumba macho amwone. Aliyemwona ni msichana wa miaka ishirini, na kwa kosa hilo alikwisha adhibiwa vya kutosha.

Akachukua futi, akakimbia mitaa minne.

Mlangoni kwa binti mizigo ilikuwa imeshafungwa kamba. Godoro limekunjwa, masanduku yamepangwa, jiko limefungwa kwenye gunia. Binti alimwona baba yake anavyohema, akaingia ndani akawaacha. Mama alikuwa amekaa kibarazani juu ya sanduku mojawapo.

"Nimemaliza," fundi akasema. "Zote. Chini ya meza ni peupe, njoo ukaone mwenyewe."

"Nimesikia. Na la kwangu?"

Fundi akainua futi. "Nimekuja kukupima."

Mama aliitazama ile futi. "Leo?"

"Nilikuweka mwisho ili nilishone kwa utulivu, mke wangu. Lishinde ya wote."

"Fundi, kaa chini," mama akasema. Hakuwahi kumwita fundi maishani mwake. Fundi akakaa chini, sakafuni, karibu na magoti ya mkewe. "Wiki nne nimekaa kibarazani hapa. Mama wa mapacha kapita na wanawe wanang'aa. Mwalimu kapita na suti yake, kaninyooshea mkono. Yule muuza mkaa uliyemzungusha miaka sita alisimama hapo ulipokaa, akaniambia hongera mama, mumeo amekuwa mtu. Nikamwambia asante. Moyo wangu ulifurahi, wallahi ulifurahi. Kila jioni nikasema kesho itakuwa zamu yangu. Nikamwambia mtoto asinifungie vitu vyangu kwanza. Mpaka jana saa kumi na mbili jioni vilikuwa havijafungwa."

"Sikukuona kama mteja," fundi akasema huku analia.

"Mteja angalau ungempima."

Fundi alimshika mkono, naye hakuuondoa. "Umebadilika, hilo sikatai," mama akaendelea, na sasa sauti yake nayo ilikuwa inakatika. "Nilisema nikiona kwa macho yangu, na nimeona. Lakini umebadilika kwa watu. Mimi umeniacha pale pale uliponiacha. Gauni si kitu, harusi imekwisha pita. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu nitangulie."

"Acha nikupime sasa hivi. Asubuhi litakuwa tayari, nitakesha."

"Najua utakesha. Sitaki unikeshee. Nimechoka kuwa kitu cha dakika ya mwisho."

Asubuhi lori lilikuja. Fundi alikwenda, akasaidia kupakia, akafunga kamba vizuri mizigo isicheze. Binti alimkumbatia akilia. Mama alimpa mkono, akamwambia ale vizuri. Fundi hakumfuata mtu kituoni, alisimama hapo hapo mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kufungua duka kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Mtaa mzima ulisubiri arudie yake. Kinyozi mwenyewe alimpa mwezi mmoja. Lakini hakurudia. Hili ndilo ambalo watu hawaliamini nikiwasimulia. Alipima kila mteja kila alipokuja, hata kama alimpima wiki iliyopita. Akisema Jumatano ni Jumatano. Rundo halikujengeka tena. Wateja wakaongezeka, wakatoka mpaka mitaa ya mbali, na sifa zake zikavuma. Jina la Keshokutwa lilibaki, lakini wageni walidhani ni la utani wa kinyume. Jioni alirudi kwenye nyumba safi, kitanda kimetandikwa, sufuria zimepangwa, akala peke yake na kulala na machozi. Alikuwa amepata kila alichokuwa anajilaumu kwa kukikosa, na hakikumsaidia. Kuna siku alimwambia kinyozi kwamba zamani alipokuwa ameharibika angalau alikuwa na cha kutumaini, siku moja nitabadilika, yatakuwa mazuri. Sasa amebadilika, atumaini nini?

Miezi saba baadaye simu iliita mchana, duka limejaa watu. Alikuwa mkewe.

"Mtoto amejifungua salama," akasema. "Umepata mjukuu wa kike."

Fundi alicheka kwa sauti, akawatangazia wateja, wakapiga vigelegele. Akatoka nje na simu, akasimama juani. Waliongea kuhusu mjukuu, uzito wake, amefanana na nani. Mama akamwambia amepata kazi ya kufua kwenye hospitali ya huko na wenzake ni watu wazuri. Alisema kwa furaha, bila kinyongo, na hiyo ndiyo iliyomwumiza.

"Kitambaa chako bado ninacho," fundi akasema haraka, kabla hajakata tamaa. "Sijakigusa. Mwambie mtoto akupime, anitajie tu kwenye simu. Siku hiyo hiyo nitakishona."

"Wiki iliyopita tulikuwa na wageni wa kumwona mtoto," mama akasema. "Nilinunua kingine. Kuna fundi hapa nyuma ya hospitali, kijana tu. Nilimpelekea asubuhi, saa kumi akaniita."

Fundi aliegemea ukuta. Angeweza kuuliza mengi. Angeweza kuuliza kama atarudi, lakini jibu alishalisikia. Ila alikuwa mtu wa kazi ile tangu ujana, na kulikuwa na jambo moja ambalo alijua duniani hakuna anayelijua isipokuwa yeye: bega la kushoto la mkewe lilikuwa limeshuka kwa ndoo za maji za miaka yote, kiasi cha kidole kimoja, na fundi asiyejua angelishona gauni likapanda upande.

"Limekukaa?" akauliza. "Hapo kwenye bega la kushoto, halivuti?"

"Halivuti," mama akasema. "Alinipima yote mawili."

"Basi huyo ni fundi," akasema, na akashukuru kwamba alikuwa nje, peke yake.